Mwalimu Felisita Yakobo Masunga na Klabu ya Jumamosi ya Mwabasenga, 1968–2025

Waombolezaji wenzetu, majirani wa Mwabasenga na nyinyi mliotoka mbali, mwangaluka, na poleni kwa kukaa juani. Mtakayoyasikia ni maisha ya Mwalimu Felisita Yakobo Masunga kama alivyoyaishi, na kama alivyoyasimulia mwenyewe miezi ya mwisho, mwili ukiwa umelala lakini maneno bado anayo. Yale aliyoagiza yasemwe, sisi wa familia tumeyaandika yote. Ambayo hakuyaagiza tumeyaandika kidogo tu, ili mumjue.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 huko Lalago, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yakobo Masunga na Mama Elina. Nyumbani kwao walilima pamba na mtama, na walikuwa na ng'ombe. Kaka zake wawili walifariki wakiwa wadogo, hivyo fimbo ya kuchunga ndama ikaangukia mkononi kwa mtoto wa kike. Ndama walikuwa kumi na mmoja na walikuwa watundu. Kila siku walimfuata ndama mmoja mwekundu mwenye kengele shingoni, na huyo njia yake ilikuwa moja tu, mtama wa jirani. Felisita alikimbia mpaka miguu ikapasuka. Siku moja akakaa chini akawatazama tu. Kisha akaivua ile kengele, akamfunga ndama mpole ambaye hakuwa na habari na mtama wa mtu. Tangu siku hiyo hakukimbia tena. Baba yake alipoona akamuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Ndama." Mzee Yakobo aliisimulia hadithi hiyo mpaka uzeeni, na kila alipoisimulia aliongeza ndama wawili watatu.

Alisoma shule ya msingi Lalago kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Darasa lake walifaulu wasichana wawili, naye akiwa mmojawapo. Akaenda sekondari Shinyanga mwaka 1983, akamaliza kidato cha nne 1986, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1987 na kuhitimu 1989. Akiwa chuoni, mkufunzi alimrudishia andalio la somo kwa sababu lilikuwa na maswali tisa na hakuna jibu hata moja. Mkufunzi akauliza majibu yako wapi. Felisita akamjibu kwamba wanafunzi bado hawajafika. Alipewa alama ndogo kwa andalio hilo, na alilitunza.

Kazi alianza Oktoba 1989 katika shule moja ya msingi mjini Maswa, akifundisha Hisabati na Sayansi. Mwaka 2003 alihamishiwa hapa Mwabasenga, kijiji cha mumewe, na hapa ndipo alipobaki mpaka alipostaafu.

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Bwana Novatus Bundala katika Kanisa Katoliki Maswa. Bwana Novatus alikuwa fundi wa plau. Walijuana pale mwalimu alipopeleka plau ya baba yake kuchomelewa, akasimama kichwani kwa fundi akimwuliza kila anachokifanya anakifanya kwa nini. Fundi mwishowe alimwambia dada, kama unajua chukua wewe. Akachukua. Kuanzia hapo Bwana Novatus alimwita ng'wana Masunga, yaani binti Masunga, na hakuwahi kumwita jina lingine, hata siku ya mwisho. Mungu aliwajalia watoto wanne: Paschal, Gloria, Violeth na Yakobo. Yakobo alifariki mwaka 1999 akiwa na miezi minane. Mwalimu hakumzungumzia sana, lakini kila mwaka mwezi wa pili alikaa siku moja bila kuongea, na watu wa nyumbani walijua, wakamwacha.

Sasa tunafika kwenye klabu, ambako ndiko wengi wenu mlikomjulia.

Jumamosi tarehe 1 Machi 2014 mwalimu alifungua Klabu ya Wabunifu katika chumba cha mwisho cha shule, kile ambacho paa lake lilikuwa limeinuka upande mmoja. Walianza wanafunzi kumi na tisa. Klabu haikuwa na vifaa vya kununua. Walitumia chupa za maji zilizotupwa, mipira ya baiskeli, kandambili zilizokatika, magunzi na miti ya pamba iliyokauka. Sheria ya kuingia ilikuwa moja. Mtoto hakuandikwa mpaka alete shida ya nyumbani kwao, shida ya kweli, aliyoiona kwa macho yake. Mwalimu aliiandika ubaoni, na wote wakaanza kuifikiria. Alikuwa akiwaambia, majibu ya watu wengine yamejaa vitabuni, nileteeni shida zenu.

Yaliletwa mambo. Mama ambaye mpini wa jembe ulimchuna kiganja kila msimu. Bibi asiyeona tundu la sindano. Mtoto mmoja alisimama akasema shida ya nyumbani kwao ni jogoo, anawika mapema mno, na akiwika tu baba anaamka na kuwapeleka wote shambani. Darasa zima lilicheka, lakini mwalimu hakucheka, aliandika JOGOO. Wiki tatu baadaye watoto walikuwa wamegundua kwamba jogoo hawezi kuwika bila kunyoosha shingo, wakasuka tenga la chini la kumlaza, dari yake fupi. Jogoo akanyamaza. Wiki iliyofuata mzazi alikuja shuleni amekasirika, amechelewa kulima siku nne mfululizo, hajui kijiji kimepatwa na nini. Walimu waliingia ofisini wakafunga mlango ili wacheke vizuri.

Ndivyo klabu ilivyokua. Watoto waliokuwa hawanyooshi mkono darasani walinyoosha siku ya Jumamosi. Mwalimu alisema huko ndiko alikojua kwamba mtoto mkimya mara nyingi anakuwa anatazama, ni sisi tunaomwona kama hana kitu.

Mmoja wa wakimya hao alikuwa Milembe, binti wa Mzee Sylvester ambaye wakati huo alikuwa katibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa pamba. Milembe aliingia klabu mwaka 2017 akiwa darasa la tano. Shida aliyoileta ilikuwa hii: kwamba pamba ya kijiji inarudishwa na wanunuzi, wanasema ina maji ya kuongeza uzito, na wakulima wanasema haina, na watu wanagombana mpaka jua linazama, na hakuna mtu mwenye kipimo.

Akaifikiria shida hiyo mwaka mzima. Mwishowe alikuja na chupa ya maji ya plastiki, inayoonyesha ndani. Unajaza pamba kidogo, unafunga kizibo, unailaza juani, na sehemu ya juu unaifunika kitambaa kilicholowa. Ukihesabu mpaka mia tatu, unafunua. Kama pamba ni kavu, chupa inabaki safi. Kama ina maji, chupa inatoka jasho kwa ndani, unaliona kabisa. Ukiigeuza na kuitikisa, kama kuna mchanga unashuka shingoni kwenye kizibo. Hivyo tu. Mwalimu aliijaribu na pamba aliyoikausha mwenyewe, akaijaribu na aliyoilowesha, ikasema kweli kila mara. Alisema alikaa kwenye dawati la mtoto akaitazama ile chupa, akajisikia kama alivyojisikia siku ya ndama.

Jumamosi tarehe 23 Juni 2018 ilikuwa Siku ya Wabunifu. Wazazi walikuja, viongozi wa chama walikuja, na mnunuzi wa pamba aliyekuwa amefika kwa ajili ya msimu alikaribishwa meza ya mbele. Milembe aliweka chupa mbili. Moja alitia pamba aliyoinyunyizia maji mbele ya watu. Ya pili alitia pamba kavu ili watu waone tofauti. Hiyo kavu aliitoa nyumbani kwao, kwenye pamba ya baba yake. Hakuipima kabla. Mtoto wa katibu, angeitilia shaka vipi pamba ya nyumbani?

Alipofunua, chupa zote mbili zilikuwa na jasho. Watu wakacheka, wakadhani imeshindikana. Milembe akaigeuza ile ya pili, na mchanga ukashuka mpaka kwenye kizibo. Kicheko kikakatika. Mnunuzi alinyanyuka, akaichukua chupa, akaiangalia kwenye mwanga, akamwuliza mtoto imetoka wapi. Milembe akasema, "Nyumbani." Mnunuzi akaiweka chupa mezani taratibu, akasema hatapakia pamba ya Mwabasenga, na mafuko yote yaliyo ghalani yatafunguliwa moja moja.

Jumapili, baada ya ibada, mwalimu alitoa pamba kwenye stoo ya nyumba yake mwenyewe akaitia chupani. Alitaka kuona kama kipimo kimekosea. Chupa ikatoka jasho. Akaenda na chupa hiyo mkononi mpaka kwa mumewe aliyekuwa akinoa jembe, akasimama mbele yake. Bwana Novatus hakubisha. Alimwambia, "Kila mtu anamwagia, ng'wana Masunga. Ukiacha peke yako, unapunjika peke yako." Mwalimu alirudi ndani. Bwana Novatus ndiye aliyesema jambo hili liandikwe. Alisema tukisoma ya wenzetu na ya kwetu tukaificha, heri tusisome kabisa.

Jumanne tarehe 26 Juni uliitishwa mkutano wa wazazi hapa shuleni. Watu walikuwa na hasira, na kwa haki ya mtu mwenye mavuno ya mwaka mzima ghalani. Walisema klabu inafundisha watoto kuwachongea wazazi. Walisema leo chupa ya pamba, kesho watapima nini, pombe ya baba? Walitaka chumba kifungwe na mwalimu ahamishwe. Mwalimu mkuu, Mwalimu Thomasi, alijaribu kuwatuliza akashindwa. Mnunuzi alikuwa amekaa pembeni, anasubiri kusikia. Wanafunzi wa klabu walikuwa wamesimamishwa mbele kama washtakiwa, na Milembe yupo katikati.

Mwalimu Felisita aliomba nafasi. Akasema, "Wazazi wangu, mtoto ni mtoto. Chupa ile haipimi kitu. Zote mbili alizinyunyizia maji mwenyewe, na mchanga akautia, ili ionekane inafanya kazi. Nimemkanya."

Milembe akamtazama. Akasema kwa sauti ndogo, lakini watu wa mbele walimsikia, "Mwalimu, ile nyingine sikuigusa."

"Umedanganya, Milembe. Kaa chini."

Mwalimu alituambia kwamba hakupanga kusema hivyo mpaka aliposimama. Aliona ghala limefungwa, akaona chumba cha klabu kimefungwa, na watoto wote wale wanarudi kwenye kunyamaza kwao. Akapima upande mmoja kijiji na upande mwingine mtoto mmoja, akadhani mtoto mmoja ni mwepesi. Alisema hesabu hiyo aliikosea, naye alikuwa mwalimu wa Hisabati.

Mnunuzi alipakia pamba. Klabu haikufungwa. Mwaka uliofuata ilikwenda kwenye maonyesho ya Nanenane, Nyakabindi, na tenga la jogoo na mambo mengine, ikapata cheti, na cheti kiko ofisini mpaka leo. Viongozi walikuja kuitembelea. Walimu wa shule jirani walikuja kujifunza, wakarudi makwao na kuanzisha za kwao, na hadi mwalimu anastaafu zilikuwa klabu saba wilayani. Watoto zaidi ya mia mbili walipita katika chumba kile. Yote hayo ni kweli na alistahili pongezi alizopewa. Lakini alisema kila walipompigia makofi alisikia sauti ndogo ikisema sikuigusa.

Milembe yeye aliimbiwa. Watoto walitunga kamstari, chupa ina jasho, Milembe ana uongo, wakamwimbia kisimani na njiani. Nyumbani aliadhibiwa. Darasani, alipotoa jibu, wenzake walimwambia hebu tulitie chupani kwanza. Mwezi wa tisa mwaka huohuo wa 2018 aliacha shule, akiwa darasa la sita, akapelekwa kwa shangazi yake Maswa. Mwalimu alikwenda kwa Mzee Sylvester kuuliza. Mzee alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwambia mtoto ameshaondoka, mwalimu, yaishe. Akarudi. Alisema alirudi haraka, kama mtu aliyefurahi kuambiwa yaishe.

Kuna kitu ambacho wanafunzi wake wa baadaye wanakikumbuka. Mtoto akishindwa mbele ya wageni, kitu chake kikaanguka au kisiwake, Mwalimu Felisita hakusema umekosea. Hakulitamka neno hilo klabuni tena. Alisema, hebu turudie, tutazame pamoja. Watu walisema ana upole mwingi.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022 kwa miguu kuvimba. Alidhani ni kusimama darasani. Hospitalini Bariadi waligundua shinikizo la damu, kisha figo. Juni 2023 alistaafu kwa hiari akiwa na miaka hamsini na mitano, akahamia Bariadi kwa binti yake Gloria ili awe karibu na matibabu. Mwaka 2024 alipelekwa hospitali ya rufaa Mwanza na kuanza kusafishwa damu. Alikwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka Mei mwaka huu alipoomba arudishwe Bariadi. Alisema ameelewa somo, hahitaji kulirudia. Madaktari na wauguzi wa huko na huko, familia inawashukuru. Walimhudumia kwa heshima, na aliwasumbua kwa maswali kuhusu mashine mpaka mmoja akamchorea mchoro wake kwenye karatasi.

Alipokuwa amelala pale Bariadi ndipo alipoanza kumtaja Milembe. Alimtuma mtu Maswa kumwomba aje. Hakuja. Akatuma tena. Jibu lililorudi ni kwamba ana nguo za watu za kushona. Gloria alikasirika, akasema huyo msichana ana roho ngumu, mtu anaumwa hivi. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye mwenye shida. Mwenye shida ndiye anayetembea."

Jumatatu tarehe 21 Julai, Paschal alimpeleka Maswa kwa gari la kuazima. Milembe ana miaka ishirini sasa. Anashona nguo kwenye kibaraza karibu na soko, na ana mtoto wa kike anayeanza kutembea. Alipomwona mwalimu anashushwa kwenye gari alisimama, akamwamkia vizuri, mwangaluka mwalimu, akamvutia kiti chenye egemeo. Kisha akarudi kwenye cherehani. Mwalimu alimweleza alichokuja nacho. Hakukifunika. Alisema ulikuwa sahihi, mimi nilijua uko sahihi, niliipima mwenyewe Jumapili, na Jumanne nikakuita mwongo.

Milembe alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao, akakata uzi. Akasema, "Mwalimu, mimi nilishakusamehe. Ningefanyaje? Lakini hukuniita mwongo hapa Maswa. Uliniita kule."

Kisha Milembe aliona jinsi mkono wa gauni ulivyombana mwalimu pale ulipovimba, akachukua wembe, akapiga magoti, akaufumua mshono taratibu na kuulegeza, akaushona upya palepale mwilini bila kumchoma. Alimletea maji. Alipokuwa anaagana naye hakusema atakuja kumtazama Bariadi, wala hakusema hatakuja. Njiani mwalimu alimwambia Paschal kwamba mtoto yule bado anaona shida ilipo kabla ya mtu kusema.

Siku iliyofuata alimpigia simu Mwalimu Thomasi, akamwomba nafasi katika mkutano wa wazazi uliopangwa Jumanne tarehe 19 Agosti. Mwalimu Thomasi alishangaa. Alimwambia mambo yenyewe ni ya miaka saba, mwalimu wangu, watu wameshasahau. Akamjibu, "Mimi sijasahau, na yeye hajasahau. Waliosahau ni wale ambao hayakuwaumiza." Akapewa nafasi, ajenda ya tatu. Alianza kujizoeza maneno yake kitandani, na pumzi ikikatika alipumzika akaanza upya.

Lakini Jumapili tarehe 10 Agosti aliona mwenyewe kwamba nguvu hazitafika. Akaomba maneno yaandikwe. Alisema, "Nisipofika mkutanoni, someni siku ya kunizika. Watu watakuwa wengi kuliko mkutanoni, na hakuna atakayeondoka kabla ya chakula." Tulicheka naye. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka naye.

Mwalimu Felisita alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Bariadi, akiwa na mumewe na binti zake. Bwana Novatus alikuwa ameshika miguu yake, maana alisema ndiyo iliyokuwa inasikia baridi.

Jana yake mchana, yaani Jumatano, aliuliza kama karatasi ipo. Akaonyeshwa. Akaomba asomewe, akasahihisha neno moja. Palikuwa pameandikwa "nilikosea". Alisema libadilishwe, kukosea ni kitu cha bahati mbaya. Basi maneno yake ni haya, na tunayasoma mahali alipotaka yasomwe:

"Wazazi wa Mwabasenga. Tarehe 26 Juni 2018, mbele yenu, nilisema kwamba Milembe Sylvester alidanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Chupa yake ilikuwa kipimo cha kweli. Pamba ya pili hakuigusa. Nilijua, kwa sababu nilipima ya kwangu nikaona. Sisemi nani alimwagia maji pamba, kila mtu anajua stoo yake. Nasema nani alisema uongo. Mliomwimbia mtoto yule, niliwapa wimbo mimi. Mkiwapenda watoto waliopita kwenye klabu yangu, jueni kwamba aliyekuwa na kazi bora kuliko wote ni yeye, na nilimtoa mimi."

Jana, kabla ya kupeleka karatasi hizi kuchapwa Bariadi, Bwana Novatus alizichukua akaenda nazo kwa Mzee Sylvester. Alisema si vizuri mtu akute habari ya nyumba yake msibani. Walikaa kwenye benchi nje ya nyumba. Bwana Novatus akamsomea yote, na ile ya jembe na ya stoo yake mwenyewe, polepole, maana macho yake nayo hayaoni vizuri. Mzee Sylvester aliuliza kama mwalimu alikwenda kweli mpaka Maswa na miguu ile. Akaambiwa alikwenda. Akauliza mtoto anaendeleaje, mjukuu anaitwa nani. Bwana Novatus akamwambia anaitwa Joyness. Mzee akalirudia jina hilo kama mtu anayelijaribu mdomoni. Halafu akasema, "Nitakuja. Nitakaa nyuma. Someni."

Milembe amepelekewa habari ya msiba. Mpaka tunaandika mstari huu hatujajua kama atafika. Kama yupo hapa, amesikia kwa masikio yake. Kama hayupo, tunawaomba mliosikia mumfikishie, yeyote atakayepita Maswa sokoni, na amwambie yote, asimpunguzie.

Marehemu ameacha mume, Bwana Novatus Bundala, watoto watatu, Paschal, Gloria na Violeth, wajukuu sita, wadogo zake wanne walioko Lalago na Migato, na wanafunzi wengi ambao kila mmoja alimletea shida yake, naye akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Mwanawe Yakobo alimtangulia, na kaburi la mama limechimbwa ubavuni mwake kama alivyoomba.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Mwalimu Felisita, kazi uliyotuachia imesomwa, lala kwa amani. Na Milembe Sylvester, kuanzia leo, hapa Mwabasenga, asiitwe tena jina lile.